Povu la Zimamoto Halikuwa Sabuni

Kuna rai iliyoota mizizi vituoni kwa zimamoto, na hata nje ya vituo: adui wa askari wa zimamoto ni moto na moshi wake, basi. Akitoka humo mzima, amepona. Povu analomwaga na koti zito analovaa ni ngao zake, na kama ndani yake mna kemikali, hiyo ndiyo gharama ya kuokoa watu. Rai hii ina sura ya busara. Naipinga, kwa sababu imewaumiza watu tunaowakimbilia sote nyumba zetu zinapowaka.

Tuitazame kwanza pale ilipo na nguvu. Tarehe 29 Julai 1967, katika Ghuba ya Tonkin, roketi ilifyatuka kwa bahati mbaya juu ya sitaha ya USS Forrestal, manowari ya Marekani ya kubeba ndege. Mafuta yakawaka, mabomu yakalipuka, watu 134 wakafa. Jeshi la majini la nchi hiyo lilikuwa limekwisha kubuni povu jipya likishirikiana na kampuni ya 3M, na baada ya maafa yale hakuna aliyehitaji kushawishiwa kulitumia. Povu hilo hutandaza utando mwembamba wa maji juu ya petroli, mvuke ukakosa pa kutokea, na moto ukafa. Nguvu yake ilitokana na kemikali za kundi la PFAS, ambazo kaboni na florini zimeshikamana ndani yake kiasi kwamba jua, mvua na vijidudu vya udongoni hushindwa kuzitenganisha. Kwamba povu hilo limeokoa maisha, sibishi.

Lakini sehemu kubwa ya povu haikumwagwa kwenye ajali. Ilimwagwa mazoezini, mwaka baada ya mwaka, na askari waliambiwa kuwa ni kama maji ya sabuni. Wakalishika kwa mikono mitupu, wakaoshea magari, wakarudi nyumbani na nguo zilizolowa. Huko Fiskville, katika jimbo la Victoria nchini Australia, kulikuwa na chuo cha zimamoto tangu miaka ya 1970. Povu lilitiririkia kwenye mabwawa ya chuo, kisha maji ya mabwawa yayo hayo yakavutwa na kurushwa tena juu ya wanafunzi na wakufunzi wao. Chuo kilifungwa mwaka 2015, na kamati ya bunge la jimbo ikalichunguza suala lote.

Wapo watakaosema kinachoua ni moshi. Mwaka 2022 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka kazi ya zimamoto katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani, na ushahidi mzito ulihusu saratani ya kibofu cha mkojo na ile ya utando wa mapafu inayoletwa na asbesto. Hiyo ya pili si ya povu, na anayetaka kuwatetea askari hawa aseme hivyo waziwazi. Ila mwaka uliofuata shirika lilo hilo liliiweka PFOA, mojawapo ya PFAS, katika kundi hilo hilo la kwanza, na PFOS, ambayo nayo ni ya PFAS, ikatajwa kuwa huenda inasababisha saratani. Mwaka huo huo utafiti juu ya askari wa jeshi la anga la Marekani ulihusisha wingi wa PFOS katika damu na saratani ya korodani. Moshi una hatia yake. Hatia hiyo haiwezi kulisafisha povu.

Utetezi mwingine ni kwamba viwango vyenyewe ni vidogo mno. Ni vidogo, kweli, lakini havitoki. PFOS hujishikiza kwenye protini za damu, na figo badala ya kuichuja huirudisha mwilini. Yapita miaka 3 hadi 5 kabla ya kupungua nusu. Katika jaribio lililofanywa Victoria na kuchapishwa mwaka 2022, askari 285 waligawanywa makundi matatu kwa wiki 52: waliotoa plazima kila wiki 6, waliotoa damu kila wiki 12, na waliokaa bila kutoa chochote. Waliotoa plazima walipungukiwa PFOS kuliko wote, na waliokaa tu walibaki karibu palepale. Tafakari, msomaji: ili mtu apunguziwe alichopewa kama kinga, ilibidi atolewe damu.

Hata koti halikusalimika. Diane Cotter, ambaye mumewe, askari wa zimamoto huko Massachusetts, Marekani, alipata saratani ya tezi dume, alianza kuuliza mavazi yale yametengenezwa kwa kitu gani. Mwanafizikia Graham Peaslee wa Chuo Kikuu cha Notre Dame aliyapima, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha florini nyingi katika kitambaa, iliyokuwa ikihama kutoka tabaka moja hadi jingine. Linaloniudhi zaidi ni kanuni. Kiwango cha Marekani kilidai tabaka la kati la koti listahimili mwanga mkali kwa saa 40, jambo ambalo chama cha askari wenyewe kilisema linalazimisha matumizi ya PFAS. Tabaka hilo limefichwa ndani ya koti, halioni jua! Mwaka 2023 chama hicho kilikwenda mahakamani.

Kuhusu gharama ya lazima, viwanja vya ndege vya Copenhagen na Heathrow vimetumia povu lisilo na florini kwa zaidi ya miaka 10. Povu hilo linataka mafunzo mapya, na pengine vifaa vya kurushia vibadilishwe. Hiyo ni kazi ya bajeti na ratiba, si kisingizio. Jimbo la Queensland, Australia, lilipiga marufuku lile la zamani mwaka 2016.

Kenya na Tanzania ni wanachama wa Mkataba wa Stockholm, ulioibana PFOS mwaka 2009 na PFOA mwaka 2019. Kwa hiyo wakuu wa vikosi, someni lebo za madumu yaliyomo ghalani. Fanyeni mazoezi kwa maji. Makoti yasilale chumba kimoja na askari, na yanapoletwa yaliyotumika kama msaada, ulizeni yametengenezwa kwa kitu gani kabla hamjayapokea.