Kwenye simu unasikia nusu ya bendi

Nikuulize kitu, msomaji. Ile bendi unayoipenda kupita zote, ile ambayo ngoma zake umezikariri hadi mahali mwimbaji anapovuta pumzi, ulishawahi kusimama mbele yake ikipiga? Usiniambie habari ya YouTube. Nauliza wewe, miguu yako, mbele ya jukwaa. Kama bado, basi hiyo bendi hujaisikia. Najua hayo ni maneno makubwa kutoka kwa mtu ambaye hata chuo hakumaliza, lakini nipe dakika tano niyatetee.

Bendi yangu mimi ni watu wawili tu: Yosefe Kalekeni na Yobu Maligwa kutoka Malawi. Wanajiita Madalitso Band, na madalitso kwa Kichewa ni baraka. Yosefe anapiga gitaa lenye nyuzi nne, na wakati huohuo mguu wake unagonga ngoma ya ngozi ya ng'ombe. Yobu ana babatoni, yaani besi ya kujitengenezea yenye shingo ndefu na uzi mmoja. Mmoja! Wote wawili wanaimba. Bendi imeisha hapo. Hakuna kinanda, hakuna kompyuta pembeni inayosaidia kisirisiri. Walianza kwa kupigia wapita njia barabarani mjini Lilongwe.

Sasa weka wimbo wao kwenye simu yako. Gitaa utalisikia fiti. Sauti zao pia. Babatoni je? Haipo. Spika ya simu ni kitu kidogo kama ukucha, haiwezi kusukuma hewa ya kutosha kutoa sauti nzito, kwa hivyo palipokuwa na mngurumo unabaki mlio mwembamba tu. Ngoma ya mguu nayo inakuwa kama mtu anayebisha mlango wa jirani. Hebu fikiria: bendi ina watu wawili na simu imemmeza mmoja. Rafiki yangu aliponitumia kipande chao kwa WhatsApp niliwapenda hivyohivyo, nusu. Nikawasikiliza kwenye matatu, jikoni, usiku nikitafuta usingizi. Bado ilikuwa nusu.

Februari 2017 walikuwa kwenye orodha ya tamasha la Sauti za Busara, Unguja. Mimi muhula uliotangulia nilikuwa nimetoka chuo, karo imenishinda, na nyumbani kila mtu alikuwa na ushauri wake. Nilikuwa na ganji kidogo niliyopata baada ya miezi mitatu ya kibarua kwenye duka la kuchapisha fulana. Shangazi akasema hizo pesa zinaweza kulipa nusu ya muhula. Kweli zingelipa. Nikamuuliza, "Na hiyo nusu nyingine, shangazi?" Akanyamaza. Nikapanda basi hadi Dar, nikavuka na feri.

Tamasha lenyewe mwaka huo lilifanyika ndani ya Ngome Kongwe, pale Mji Mkongwe, katikati ya kuta za mawe zilizozeeka kuliko nchi zetu zote hizi. Na jambo zuri, Waafrika Mashariki huuziwa tiketi kwa bei ya chini kuliko watalii. Bila hilo ningesikilizia nje ya ukuta.

Kilichonishtua kwanza ni mguu wa Yosefe. Kwenye simu ule mdundo ulikuwa mdundo tu, ungedhani umewekwa na mashine. Pale mbele ni mtu anafanya kazi. Mguu unagonga, vidole vinakimbia kwenye nyuzi, mdomo unaimba, na hakuna kimoja kinachongoja kingine. Halafu babatoni ikaingia. Mazee, ile kitu niliisikia kifuani kabla ya kuisikia masikioni. Yobu anapanda na kushuka na ule uzi mmoja, besi inateleza, inarudi, inacheka. Nikajiambia, kumbe nyimbo nilizokuwa nazo kwenye simu zilikuwa picha ya pilau. Kichewa sikijui, ingawa ukisikia maneno kama madzi, nyumba na moto unajua uko kwa jamaa. Hakuna aliyehitaji tafsiri ili acheze.

Kuna watu wawili nina maneno nao. Wa kwanza ni yule anayekata tiketi, kisha anakaa hapo Forodhani na urojo wake na pizza ya Kizanzibari mpaka jina kubwa la usiku lipande jukwaani. Simlaumu kwa urojo, mimi mwenyewe nilikula sahani mbili. Lakini watu wawili na mbao zao hawana taa wala moshi wala wachezaji ishirini wa kukuita kutoka mbali. Wanahitaji uwe karibu.

Wa pili ni yule anayeinua simu wimbo wa kwanza na kuishusha wa mwisho. Rafiki, unarekodi nini? Ukirudi nyumbani utacheza hiyo video kwenye spika ileile isiyo na besi, kisha utamtumia mtu mwingine nusu ya bendi. Piga picha moja, ya ushahidi kwamba ulikuwepo, halafu weka simu mfukoni.

Baada ya jukwaa hilo milango ya nje ilianza kufunguka. Mwaka 2019 walitoa albamu ya Wasalala kupitia lebo ya Bongo Joe ya Geneva, 2022 ikafuata Musakayike, na Ulaya wamezunguka wakipiga. Nawafurahia sana. Ila kuna kitu kinanikera, na si kwao, ni kwetu. Mbona mtu akipiga gitaa kavu huku kwetu tunangoja Geneva itwambie ni mzuri?

Maana gitaa kavu si jambo geni Kenya. Magharibi kuna omutibo, mtindo uliotamba kwa vidole vya George Mukabi, aliyefariki 1963. Huo mtindo huwa na gitaa, na pembeni mtu anagonga chupa ya Fanta kwa chuma, basi, mdundo umepatikana. Gitaa na chupa! Ni akili ileile ya babatoni: tumia ulicho nacho. Umri wetu ni wangapi wameketi mbele ya mtu anayepiga omutibo? Wengi tunaijua kama sauti inayotoka kwa redio ya babu, yenye mikwaruzo.

Na wapo vijana wanaopiga sasa hivi hapa Nairobi. Juzi niliwakuta wawili kwenye mkahawa mmoja, gitaa mbili, wanapiga vizuri kweli, na mhudumu akaongeza sauti ya runinga kwa sababu mpira umeanza. Hakuna aliyelalamika. Walipomaliza, mmoja wao akaniambia malipo yao ya usiku huo ni chakula na "kujulikana". Kujulikana na nani, jameni, na wakati watu wote wametazama upande wa mpira?

Utaniambia hauna pesa. Nakuelewa, hata mimi sina, na siwezi kukudanganya kwamba muziki unalipa kodi ya nyumba. Lakini hatuzungumzii feri ya Unguja kila mwezi. Kuna shoo ndogo mjini hapa ambazo kiingilio chake ni chini ya ile bili uliyolipa Ijumaa, na huwezi kukumbuka ulikunywa na nani. Na kama shoo ni ya bure, kuna namba ya M-Pesa ya wanamuziki, watumie hata mia. Usimtumie mwenye baa. Mwenye baa ameshalipwa na soda yako.

Jumamosi hii narudi pale kwenye mkahawa. Nimeshamwomba mhudumu azime runinga kwa nusu saa, akasema atafanya hivyo kama meza sita za mbele zitajaa watu waliokuja kwa ajili ya gitaa. Mpaka sasa nimepata meza mbili.