Ua la manjano na mboga za bustani yetu

Juma hili safu yetu ya bustani inaanzia mbali, katika majangwa ya magharibi ya Marekani. Huko Nevada, Utah na Arizona unaota mmea unaoweza kufikia kimo cha mtu, wenye maua ya manjano yanayopanda juu ya shina kama unyoya mrefu. Wataalamu wanauita Stanleya pinnata.

Sisi Wakongomani tukisikia Stanley tunamkumbuka yule mzungu aliyeshuka mto wetu. Si yeye. Jina Stanleya lilitolewa mwaka 1818, naye alizaliwa mwaka 1841. Aliyeheshimiwa ni Edward Stanley, Mwingereza wa ukoo mkubwa aliyependa elimu ya viumbe.

Mmea huu ni ndugu ya shu, haradali na figili. Lakini una tabia yake: unapenda udongo wenye madini yanayoitwa seleniamu. Mizizi inayavuta, nayo yanapanda mpaka kwenye majani. Mmea wenyewe hauumwi hata kidogo. Unanawiri, na wadudu wengi wanaukwepa. Mwili wetu pia unahitaji seleniamu, ila kidogo sana. Ikizidi ni sumu. Farasi akila kwa muda mrefu mimea iliyojaa madini hayo, manyoya ya shingo yanaanguka na kwato zinapasuka.

Kwa nini tunawaletea habari hii? Kwa sababu wengi wetu tunapima mboga kwa macho. Jani likiwa kijani na nene, tunasema ni zuri. Ua lile la jangwani linatufundisha kwamba afya ya mmea si ushahidi wa usalama wa mlaji.

Jambo hili liko nyumbani kwetu. Huko Katanga, wazee wanajua vilima vya shaba ambako miti haioti, ila majani machache yaliyozoea madini. Na wachunguzi wamekuta risasi, kadimiamu na kobalti katika mboga zilizolimwa Lubumbashi karibu na viwanda vya madini. Wanaoumia zaidi ni watoto wadogo, kwa kuwa risasi inaharibu ubongo unaokua.

Tufanye nini, sisi ambao bustani ndiyo karo ya shule na chakula cha jioni?

Kwanza, tusilime kando ya kiwanda, juu ya takataka za mgodi, wala kwenye mfereji unaotoka huko.

Pili, tuoshe mboga mara kadhaa kwa maji safi. Hii inaondoa vumbi lenye madini, lakini haiondoi kilichokwisha kuingia ndani ya jani.

Tatu, kama hatuna uwanja mwingine, tuinue matuta kwa udongo ulioletwa kutoka mahali safi, tuuchanganye na mbolea ya samadi. Chokaa kidogo nayo inasaidia kupunguza madini yanayovutwa na mizizi.

Nne, lengalenga na shu, ambazo tunakula majani yake, kwa kawaida hubeba madini mengi kuliko nyanya na biringanya. Penye shaka, tupande zile za matunda.

Mama anayenunua sokoni naye asione haya kuuliza: dada, mboga hizi zimetoka bustani gani? Na sisi tunaouza tumjibu kweli, maana mtoto atakayezila ni wetu sote.