Mwacheni Amlilie Paka Wake

Kuna dada mmoja, fundi nguo wa kule Nyakato, alifunga ofisi siku mbili. Wateja walipopiga simu aliwaambia anaumwa. Jirani wa chumba cha pili akamkuta macho yamevimba, akamuuliza kwa upole, "Pole dada'angu, umepata msiba?" Dada akaitikia ndiyo. "Nani tena jamani?" Hapo ndipo akakwama. Aliyekufa alikuwa Pusi, paka wa miaka saba aliyekuwa analala juu ya mfuko wa vitambaa chini ya cherehani. Dada akasema ni shangazi yake wa Sengerema.

Yaani mtu mzima, mwenye akili zake, anamuua shangazi wa uongo ili apate ruhusa ya kulia. Ndivyo anavyoishi mpenda paka wa Mwanza, na wako wengi kuliko wanavyojitangaza.

Inashangaza, maana kama kuna mji ulioumbwa kwa ajili ya paka basi ni huu. Nenda Mwaloni pale Kirumba asubuhi uone wanavyokatiza katikati ya magunia ya dagaa bila kumwogopa mtu. Vichwa vya sangara na mapanki yanayobaki viwandani minofu ikishatolewa, ambayo binadamu wenyewe wanayanunua, paka hakosi fungu lake. Panda Igogo au Mabatini, zile nyumba zilizong'ang'ania mlima, utawakuta wamejianika juu ya mawe kama wenye hati ya kiwanja. Huko juu wanawinda wale mijusi wenye kichwa chekundu na mwili wa bluu, ambao wanasayansi wamewapa jina la mji wetu huu huu, Agama mwanzae. Paka habari hizo hana, yeye anakula tu.

Sasa ukweli usemwe. Mji huu unamtaka paka, ila unamtaka kwa kazi. Muuza mchele anamtaka alinde magunia. Mama mwenye genge anamwazima kwa jirani wiki mbili, panya wakipungua anamrudisha amekonda. Ukimuuliza kwa nini hakumlisha, atakujibu kama anayekufundisha maisha, "Akishiba hakamati." Si kweli. Paka anawinda kwa sababu ameumbwa hivyo, hata tumbo likiwa limejaa. Anayelala njaa anaishia kuhamia kwenye jalala, au anaingia jikoni kwa watu na kupigwa mwiko. Mlinzi wa getini asipolipwa miezi mitatu watu wanaona ni dhuluma, lakini paka afanye kazi miaka saba bila hata kichwa cha sato, hiyo inaitwa kufuga.

Wapo lakini ambao kazi ilikuwa kisingizio tu. Walimleta kwa ajili ya panya, na baada ya mwezi ndio wanaomtafutia mahali pa kulala. Mwalimu mmoja wa Igoma, kijana anayeishi peke yake, anajulikana mtaani kwa kununua dagaa wa aina mbili, wa kwake na wa "mwenzangu". Mwenzake ni nyau wa rangi ya chungwa anayemsubiri juu ya ukuta kila jioni, na siku daladala zikichelewa kijana anapokelewa kwa kelele kama mume aliyetoka kilabuni. Kuna mstaafu mmoja wa huku Bugando aliyefiwa na mkewe. Wanawe wako Dar es Salaam, wanapiga simu Jumapili. Siku nyingine sita anaamshwa saa kumi na moja alfajiri na ukucha mmoja unaomgusa puani taratibu, akiuacha mlango mpaka sala iishe unamgusa tena kwa nguvu kidogo. Analalamika sana juu ya paka huyo. Anamlalamikia kila anayepita, kwa muda mrefu, huku amempakata.

Paka habembelezi kama mbwa. Mbwa atakufurahia hata ukiwa mtu mbaya. Paka anakuchagua, na siku akikuchagua anakuja mwenyewe, anajiviringisha pajani, anaanza kukoroma kama mashine ya kusaga inayosikika mtaa wa nne. Halafu kesho anakupita kama hakujui. Wanaowapenda wanasema hapo ndipo utamu ulipo, huwezi kumlazimisha. Na zawadi zake bwana! Nusu panya ndani ya kandambili, saa ambayo umechelewa kazini na unavaa bila kuangalia.

Maumivu yake sasa. Mengi hayatoki kwa Mungu, yanatoka kwa watu wa nyumba ya tatu.

Kila mtu anamjua yule machinga mwenye kispika begani: dawa ya panya, mende, kunguni, viroboto, sauti imerekodiwa inajirudia mpaka kichwa kinauma. Mama anatoka, ananunua kipakiti, anachanganya na ugali, anaweka nyuma ya kabati. Hajafanya kosa lolote kichwani mwake. Lakini sumu nyingi za panya huzuia damu isigande, na panya hafi palepale. Anatembea siku kadhaa akiwa mzito, hajui kukimbia, na hakuna windo rahisi kama hilo. Paka wa jirani anamkamata, anamla. Siku chache baadaye paka analegea, ufizi umekuwa mweupe, damu puani. Sumu nyingine hupiga mishipa ya fahamu, hizo hazingoji kesho, unamkuta na povu mlangoni.

Halafu linakuja lile la maziwa. Mtaa mzima unajua kwamba aliyelishwa sumu anapewa maziwa, basi paka anashikwa miguu, anafunguliwa mdomo, anamiminiwa. Maziwa hayaondoi sumu. Paka aliyelegea ukimmiminia kitu chochote kwa nguvu kinaweza kuingia kwenye mapafu, ukamuua wewe kabla ya sumu. Kwa zile sumu za kuzuia damu kuganda dawa ipo, ni vitamini K, daktari wa mifugo anaijua, ilimradi paka afikishwe mapema na uende na lile karatasi la sumu kama limepatikana. Tatizo ni mpenda paka kufika pale. Anaketi kwenye benchi na kiboksi chake, kulia kwake yuko mtu na habari za ng'ombe wawili, kushoto mwenye kuku mia tatu wanaoharisha, na wote wanamtazama. "Dada, paka? Si utapata mwingine?"

Wengine wanawaua wenyewe kwa mapenzi, na hili lisemwe kwa sauti. Panadol moja, ile ya kawaida unayomeza kichwa kikiuma, inatosha kumuua paka. Mwili wake hauwezi kuivunja kama wetu. Na dawa za kuogeshea ng'ombe na mbwa zisiende kwa paka mwenye viroboto, nyingi zinamtia kifafa. Anajilamba mwili mzima, kwa hiyo ulichompaka amekila.

Viroba navyo ni habari nyingine. Paka jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne tu, anaibeba miezi miwili na siku kidogo, na kwa mwaka anaweza kuzaa mara mbili au tatu. Mwenye nyumba anaona watoto wanne, watano, anawafunga kwenye kiroba kabla hawajafumbua macho, anamtuma kijana wa kazi akawatupe mwaloni au dampo. Mama yao analia usiku kucha akizunguka uani, na aliyetoa amri anafungua dirisha kumrushia ndala. Kumfunga kizazi paka jike na kuhasi dume ni kazi ambayo daktari wa mifugo anaweza kuifanya. Ni pesa, ndiyo. Ila huyo huyo atakuambia hana pesa ya paka akiwa amevaa jezi mpya ya msimu. Na tangu mwaka 2008 Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama inayokataza ukatili kwa mnyama. Haikuandikwa kwa ajili ya punda peke yake.

Huku Kanda ya Ziwa kuna jambo zito zaidi, na wanaocheka hawalifikirii. Kwa miongo mingi vikongwe wameuawa kwa kushukiwa uchawi, wengi dalili yao ikiwa ni macho mekundu tu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuni na kinyesi cha ng'ombe. Katika mazingira hayo, bibi anayeishi peke yake na paka, hasa mweusi, anatembea na ushahidi wa bure mikononi mwa wambea. Bibi mmoja wa upande wa Magu alikuwa naye wake, mweusi mwenye soksi nyeupe mguu mmoja. Mtoto wa jirani akaugua homa, mtu akasema amemwona yule paka juu ya paa usiku. Juu ya paa usiku! Paka angekuwa wapi usiku, benki? Bibi hakubishana. Alimwita kijana mvuvi, akamkabidhi paka kwenye tenga lililofunikwa kanga, apelekwe kambini visiwani, kule panya wanatafuna nyavu na paka anathaminiwa. Inasemekana mpaka leo anamuuliza kijana yule, akija na dagaa, kama "yule bwana" anakula vizuri. Bibi huyo hakufiwa. Alimtoa mwenyewe kwa kuogopa panga, na majirani wakamsifu kwa busara.

Zipo hoja mbili ambazo mpenda paka hurushiwa kila siku. Ya kwanza, "mambo ya kizungu hayo." Jamani. Paka wa nyumbani ametokana na paka pori wa Afrika na Mashariki ya Kati, kimburu, ambaye mpaka leo yupo Serengeti, mwendo wa saa chache kutoka hapa. Wamisri wa kale walimzika kwa heshima. Waislamu wanajua kwamba Abu Huraira, yule sahaba, lakabu yake yenyewe inamtaja paka, na wanaijua hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila chakula mpaka akafa. Mzungu kamkuta paka amezoea watu zamani sana.

Hoja ya pili ni nzito, na haifai kupuuzwa: watu wanakufa, wewe unalilia mnyama? Kwa mji huu hayo si maneno ya mdomoni tu. Mwanza ilisimama Mei 21, 1996 meli ya MV Bukoba ilipozama ikiwa imebakiza safari kidogo ifike, na makaburi ya Igoma yapo, kila anayepita anajua walilala nani. Ikaja Septemba 20, 2018, MV Nyerere kule Ukara, zaidi ya watu mia mbili. Mtu aliyepanga mstari kutambua maiti ya ndugu yake akimwona mwenzake analilia nyau, anayo haki ya kushangaa.

Lakini nani amesema anayelia paka ameweka mizani? Yule fundi wa Nyakato hakudai matanga wala turubai, na hakuna aliyechangishwa. Alitaka siku mbili na mtu wa kumwambia pole bila kucheka. Machozi hayapimwi kwenye debe moja kwamba akimwagia paka atawapungukia watu. Mara nyingi ni kinyume chake: ukiugua mtaani kwenu, angalia nani anakuja na uji. Na waliomcheka ndio hao hao wanaoweka sumu bila kusema. Kugonga mlango na kusema "shoga, leo nimeweka dawa ya panya, mfungie paka wako siku hizi mbili tatu na panya wafu nitawazika" ni dakika moja. Hakuna gharama. Wanaofanya hivyo wapo, na mitaa yao haina vita vya chini chini vya nani kamuua wa nani.

Hata akifa, pa kumzika ni shida. Wapangaji hawana ua, na ukiwa mlimani chini yako ni jiwe tupu. Wengi mwishoni wanabaki na jalala, wanaliendea usiku kama wezi. Dereva bodaboda mmoja wa Mabatini alikataa. Paka wake alikuwa analala juu ya siti ya pikipiki kila akiiegesha, na abiria walikuwa wanasubiri ashuke mwenyewe. Alipokufa kijana alimweka kwenye boksi la viatu, akalifunga kwa mpira nyuma ya siti, akashika barabara ya Kisesa kwa kaka yake mwenye shamba. Njiani askari wa usalama barabarani akamsimamisha, akauliza kwenye boksi kuna nini. Kijana akashindwa kusema shangazi. Akafungua. Askari akaangalia, akamwangalia na yeye, akampisha kwa mkono bila hata kuuliza leseni.

Kule Kisesa aliogopa sana kaka yake atasema nini, maana ni mtu wa maneno. Kaka akalitazama boksi, akaingia ndani, akatoka na jembe.