Kiongozi na Biashara: Fundisho Kutoka Roma ya Kale

Kila mwaka, mvua zinapokatika na alizeti kukauka mashambani, barabara za Mkoa wa Singida hujaa magunia. Kutoka Iramba, kutoka Mkalama, kutoka Ikungi, mkulima hulipeleka jasho lake sokoni, na huko hukutana na watu wawili: mnunuzi na mtumishi wa umma. Mnunuzi anataka bei iwe chini. Hiyo ndiyo kazi yake, wala hatumlaumu. Mtumishi yupo pale kuhakikisha kwamba mizani ni ya haki, ushuru ni halali, na mkulima hapunjwi. Je, itakuwaje siku mkulima atakapogundua kwamba mnunuzi na mtumishi ni mtu yule yule?

Wapo wanaodhani kwamba swali hili lilizaliwa na Azimio la Arusha, na kwa hiyo limepitwa na wakati. Sivyo hata kidogo. Warumi wa kale walijiuliza swali hili zaidi ya miaka 2,200 iliyopita. Walilijibu vizuri, kisha wakalipuuza jibu lao wenyewe, na gharama ya kupuuza huko ilikuwa kubwa.

Wengi wetu tuliijua Roma kwa njia ya Juliasi Kaizari, tamthilia ya Shakespeare ambayo Mwalimu Julius Nyerere aliifasiri kwa Kiswahili na kuitoa mwaka 1963, kisha akaisahihisha na kuitoa upya mwaka 1969. Mle tulisoma habari za tamaa ya ukubwa, na za majambia yaliyomwua Kaizari mwezi Machi, mwaka 44 K.K. Msomaji aweza kufunga kitabu akiamini kwamba jamhuri ya Warumi iliangamizwa na watu wachache katika siku chache. Lakini jamhuri ile ilikuwa imeugua muda mrefu kabla Kaizari hajazaliwa, na mojawapo ya magonjwa yake lilikuwa ni viongozi kuugeuza uongozi kuwa mtaji.

Mwaka 218 K.K., Quintus Claudius, mmoja wa wajumbe waliochaguliwa kutetea makabwela, alipendekeza sheria iliyomkataza seneta, na mtoto wa seneta, kumiliki merikebu ya baharini iwezayo kubeba zaidi ya mitungi 300. Kwa nini mitungi 300? Mwanahistoria Livy anaeleza kwamba kiasi hicho kilitosha kusafirisha mazao ya shamba la mwenyewe. Kuzidi hapo ilikuwa ni biashara ya kutafuta faida, na hiyo ilihesabiwa kuwa haimfai mtu aliyekabidhiwa mambo ya nchi. Livy anaongeza kwamba katika Seneti nzima ni mtu mmoja tu, Gaius Flaminius, aliyeiunga mkono sheria hiyo. Wenzake walimchukia kwa ajili hiyo; wananchi wakampenda.

Msomaji wa Azimio la Arusha hawezi kukosa kuona udugu uliopo. Azimio hilo, lililotangazwa tarehe 5 Februari, 1967, lilitaka kiongozi awe mkulima au mfanyakazi. Lilimkataza kuwa na hisa katika kampuni yo yote, kuwa mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, kupokea mishahara miwili au zaidi, na kuwa na nyumba ya kupangisha. Kama vile sheria ya Claudius ilivyomtazama seneta pamoja na mtoto wake, Azimio lilimtazama kiongozi pamoja na mwenzi wake. Watunga sheria wa zama zote mbili walifahamu kwamba mali ikikatazwa kuingia kwa mlango wa mbele, itapita uani.

Na huko Roma ilipita uani kweli. Cato, mtu aliyesifika kwa ukali wake juu ya maadili ya wengine, alikopesha fedha kwa biashara ya merikebu. Aliwataka wakopaji waunde ushirika wa watu 50 wenye merikebu 50, kisha yeye akawa na fungu moja humo, akiwakilishwa na Quintio, aliyekuwa mtumwa wake na akamwacha huru. Kwa maandishi, Cato hakuwa mwenye merikebu. Kwa mfuko, alikuwa miongoni mwao.

Wakati huo huo makabaila walizidi kujikusanyia ardhi ya umma. Mwaka 133 K.K., Tiberius Gracchus alipotaka ziada igawiwe kwa wananchi wasio na mashamba, maseneta na wafuasi wao walimpiga hadi kufa. Tangu hapo damu ikazoeleka katika siasa za Roma.

Hata hivyo, jambo linalotisha zaidi liliandikwa mwaka 70 K.K., kuhusu kesi ya Verres, gavana aliyekinyonya kisiwa cha Sicily kwa miaka 3. Miongoni mwa mashtaka yake lilikuwamo la merikebu kubwa aliyojengewa na watu wa mji wa Messana. Cicero, aliyekuwa mshitaki, aliandika kwa kejeli kwamba hatauliza kama seneta anaruhusiwa kujenga merikebu, kwa kuwa sheria zinazokataza, kwa mujibu wa usemi wa wakili wa Verres, ni za kale na zimekwisha kufa. Si kwamba sheria ile ilikuwa imefutwa. Iliuawa na wakubwa waliozoea kuicheka.

Turudi kwetu. Mwaka 1991, kwa Azimio la Zanzibar, Chama kililegeza masharti ya uongozi ya mwaka 1967, kwa hoja kwamba hali ya uchumi ilikuwa imebadilika. Mwaka 1995 Bunge lilitunga Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, Namba 13, inayomtaka kiongozi atamke mali yake na madeni yake. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba nchi yetu haina miiko. Hatari iliyopo ni ile ya Roma: fomu ijazwe mwezi Desemba na dhamiri ifungiwe kabatini mwezi Januari.

Tena, wengi wa wasomaji wa ukurasa huu vyeo vyao haviwalazimishi kujaza fomu hiyo. Lakini mkulima wa alizeti hamjui Kamishna wa Maadili. Serikali anayoijua yeye ni ofisa kilimo, ni mtendaji wa kijiji, ni mwalimu wa mwanawe. Ofisa anayekagua mizani mchana na kununua alizeti usiku kwa jina la shemeji yake ni Cato wa siku hizi. Na mwalimu anayeacha somo nusu darasani asubuhi ili alimalizie jioni kwa malipo, naye anaiuza merikebu ambayo si yake.

Tutaambiwa kwamba mishahara haitoshi, na kwamba mtumishi naye ana watoto wa kusomesha. Ni kweli, na madai hayo yapelekwe panapohusika bila woga. Lakini tusichanganye mambo. Sheria ya Warumi haikumnyima seneta shamba wala mashua ya kubebea mavuno yake. Azimio la Arusha halikumkataza kiongozi kushika jembe. Lilimtaka awe mkulima au mfanyakazi. Mtumishi wa Singida anayelima vitunguu, anayefuga kuku au anayetundika mizinga anaishi kwa jasho lake, na anastahili heshima. Mwiko ni kuuza kile ambacho wananchi wamempa bure, yaani mamlaka.

Ndugu walimu na watumishi wa umma, kila mmoja wetu ajipimie mitungi yake 300. Atafute mahali ambapo riziki yake halali inakoma na biashara juu ya cheo chake inaanza, kisha asimame hapo, hata kama hakuna mkaguzi anayemtazama. Na anapomsikia mwenzake akicheka kwamba miiko ya uongozi ni mambo ya kale, asicheke naye. Vicheko vya namna hiyo ndivyo vilivyoiua sheria ya Warumi, na mkulima aliyesimama kando ya mizani anatusikiliza.