Mkristo na Kosa Lake

Msomaji kijana, yako maneno mawili ambayo utayasikia mara nyingi ukikaa karibu na kanisa lolote, nami nayachukia yote mawili. La kwanza husema kwamba Mkristo wa kweli hakosi, na akionekana amekosa basi hakuwa Mkristo tangu mwanzo. La pili husema kwamba sisi sote ni wanadamu, na mwanadamu ni udongo, kwa hiyo mtu asiulizwe sana juu ya alilolitenda. La kwanza hufuga wanafiki na la pili hufuga wavivu. Nikilazimishwa kuchagua lililo baya zaidi nitachagua la pili, maana mnafiki angalau anajua kwamba wema una thamani, ndiyo sababu anaingia gharama ya kuuigiza. Yule mwingine hata gharama hiyo hakubali kuitoa.

Sikuyaokota haya vitabuni. Kwa miaka mingi nilikaa Kibera, katika chumba kimoja karibu na reli, nikafundisha katika shule ya msingi Kawangware. Kila alfajiri nilivuka barabara ya Ngong kwa miguu kwenda kazini, na kila jioni nilirudi kwa njia ile ile. Kibera si mahali pa kuficha maisha. Nyumba zimeegemeana, kuta ni za bati au za udongo, na jirani akikohoa usiku waweza kumwambia pole bila kuinua sauti. Wakazi wa kwanza wa hapo walikuwa askari Wanubi wa King's African Rifles, waliopewa ardhi mwanzoni mwa karne ya 20, wakati palipokuwa msitu. Na neno lenye maana ya msitu katika lugha yao ndilo lililozaa jina la Kibera. Wanubi ni Waislamu. Baadaye walikuja Waluo, Waluhya, Wakikuyu, Wakamba, Wakisii na wengineo, na makanisa ya mabati yakaja pamoja nao, mengi kiasi kwamba ukipita relini siku ya Jumapili husikia mahubiri matano kwa wakati mmoja. Basi Mkristo wa Kibera huishi mbele ya macho ya watu wa dini nyingine na wa makanisa mengine. Watu hao hawapati habari za imani yake katika mahubiri. Huzipata dukani anakokopa, na mferejini anakopanga foleni.

Mferejini ndiko nilikomjua mwuza maji mmoja ambaye alikuwa pia kiongozi wa kwaya. Mwaka mmoja mabomba yalikauka kwa majuma kadhaa. Mtungi wa lita 20 aliokuwa akiuuza shilingi 5 aliupandisha hadi shilingi 20, kisha 30, ilhali tangi lake alikuwa amelijaza kabla ya shida kuanza, kwa bei ya zamani. Wanawake walilalamika. Mmoja wao alimkumbusha wimbo aliouongoza Jumapili iliyotangulia. Mwuza maji akajibu kwa upole mwingi kwamba Mungu anaujua moyo wake. Sikuwa na shaka kwamba Mungu anaujua moyo wake. Shaka yangu ilikuwa juu ya fedha zilizokuwa mfukoni, ambazo wanawake wale pia walizijua, tena kwa hesabu.

Tazama jinsi mtu yule alivyoyatumia maneno yote mawili niliyoyataja. Mbele ya kwaya alikuwa Mkristo asiyekosa. Mbele ya wanunuzi alikuwa udongo mtupu, asiyefaa kuulizwa. Na kati ya watu hawa wawili, yule ambaye angeweza kusema, "Nimekosa, njoni niwarudishie," hakuonekana kabisa.

Mimi nasema kwamba huyo wa tatu ndiye Mkristo wa kuigwa. Mfano mwema hautokani na kutokosa, maana asiyekosa hayupo, na anayejidai kuwa hakosi hatufundishi neno ila kujificha vizuri. Mfano hutokana na jambo mtu alifanyalo baada ya kukosa, mbele ya yule aliyemkosea, na kwa gharama yake mwenyewe. Petro alimkana bwana wake mara tatu katika usiku mmoja, na kanisa halikulifuta jambo hilo katika habari zake. Daudi alimtwaa mke wa askari wake na kumwua yule askari kwa hila. Habari hizo nazo zimeachwa wazi zisomwe hata na watoto. Kama watu wa kale wangetaka kutupa mifano isiyo na doa, wangalikuwa na nafasi ya kutosha ya kuifuta wino.

Bora kuliko wote, kwa maoni yangu, ni Zakayo, mkuu wa watoza ushuru wa Yeriko, yule mtu mfupi aliyepanda mkuyu. Jina lake limekuwa maarufu sana Nairobi. Vijana walipoandamana Juni 2024 kuupinga mswada wa fedha walilitumia kumkejeli Rais William Ruto kwa ajili ya kodi, na hata watoto wadogo wa Kawangware walilijua. Lakini nilishangaa kuona kwamba walioimba na walioimbiwa walikuwa wameisoma nusu ya habari tu. Wote walimkumbuka Zakayo mtoza ushuru. Zakayo aliyeshuka mtini akatangaza kwamba atawapa maskini nusu ya mali yake, na kwamba aliowadhulumu atawalipa mara nne, huyo hakumbukwi na mtu. Nusu hiyo iliyosahauliwa ndiyo habari yenyewe. Zakayo hakusema kwamba moyo wake unajulikana. Alitaja kiasi.

Usidhani kwamba jambo hili liliwezekana Yeriko tu. Katika miaka ya 1930 ulizuka uamsho katika makanisa ya Rwanda na Uganda, ambao kituo cha Gahini kilikuwa mojawapo ya vitovu vyake, na watu wake wakaitwa Balokole, yaani waliookoka. Mwaka 1937 uamsho huo ulifika Kenya, na Kabete, iliyo jirani na Kawangware, ilikuwa mojawapo ya mahali ulikoota mizizi. Watu hao walikuwa na desturi ya kuyakiri makosa yao mbele ya wenzao. Zaidi ya hayo walirudisha vitu walivyoviiba na kulipa madeni waliyokuwa wameyakana, na mara nyingine mwenye kitu alikuwa amekwisha kukisahau. Nakubali kwamba desturi ile ilikuwa na hatari yake. Kukiri kunaweza kuwa mchezo wa kujionyesha kama vile kusali kunavyoweza, na mzee mmoja aliniambia kwa kicheko kwamba aliwahi kuwasikia watu wakishindana nani alikuwa mwovu zaidi. Lakini jembe lililorudishwa haliwezi kuwa maneno matupu. Mwenyewe hulishika akaenda kulimia.

Nije sasa kwenye jambo lililo zito zaidi. Baada ya uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007 nchi yetu iliwaka moto. Tume ya Jaji Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa. Kibera, soko la Toi liliteketea, na vijana waling'oa reli. Waliochoma na waliochomewa walikuwa, wengi wao, wamebatizwa. Februari 2008 Baraza la Kitaifa la Makanisa ya Kenya lilitoa tamko ambalo ningependa kila mwanafunzi alijue. Viongozi wale walikiri hadharani kwamba walikuwa wameegemea pande, kila mmoja kwa watu wa kabila lake, na kwamba kwa sababu hiyo sauti ya kanisa ilikosa nguvu siku ilipohitajiwa. Wengine waliwacheka. Walisema, maaskofu wakikiri hivi nani atawasikiliza tena? Mimi nauliza kinyume chake: ni nani alikuwa akiwasikiliza kabla hawajakiri? Watu wa kabila lao tu, na hao waliwasikiliza kwa sababu waliambiwa waliyoyataka.

Hata hivyo lazima niseme kwamba neno lile lilibaki nusu. Katika vijiji kadhaa vya Kibera watu walifukuzwa nyumbani mwao siku zile, na wengine wakaingia wakakaa humo pasipo kununua wala kukodi. Naweza kumwelewa mtu aliyeingia kwa woga au kwa hasira ya siku ile. Simwelewi anayelala humo mwaka baada ya mwaka, akisimama kanisani kutoa ushuhuda wa jinsi Mungu alivyomfungulia mlango. Mlango ule ulifunguliwa kwa rungu. Mwenye nyumba yuko, labda ni mpangaji Kawangware, umbali wa saa moja kwa miguu, na wala si vigumu kumtafuta. Mchungaji anayeisikia shuhuda hiyo akaitikia amina, huku akijua, naye anao upande wake wa kitanda katika nyumba hiyo.

Sineni haya kama mtu aliyekaa darini akiwatazama wengine wakipita matopeni. Katika mwaka wangu wa tatu tangu kutoka chuo cha ualimu nilikuwa na darasa la sita lenye watoto arobaini na watatu. Siku moja shilingi 850, nilizokuwa nimezikusanya kwao kwa ajili ya karatasi za mtihani, zilipotea. Mvulana mmoja alikuwa amebaki darasani wakati wa mapumziko. Viatu vyake vilikuwa vimekwisha, na mchango wake mwenyewe alikuwa hajaulipa. Hayo mawili yakawa ushahidi wangu. Nilimsimamisha mbele ya darasa nikamwita mwizi. Hakulia. Alisema mara mbili, "Si mimi, mwalimu," kisha akanyamaza. Tangu siku ile wenzake walimpachika jina ambalo sitaliandika hapa.

Siku ya nne nilizipata fedha zile ndani ya bitana ya koti langu. Mfuko ulikuwa na tundu. Nikafanya nini? Nilinunua karatasi za mtihani, nikawaambia watoto kwamba fedha zimepatikana, nisiseme zilipatikana wapi. Jumapili iliyofuata niliwafundisha watoto wa kanisani kwetu Kibera amri inayokataza kumshuhudia jirani uongo, na nilifundisha vizuri sana.

Yalipita majuma matatu kabla sijamwita yule mvulana nyuma ya ofisi nikamwomba radhi kwa sauti ndogo. Alinijibu, "Sawa, mwalimu," nami nikajiona nimetimiza haki. Jioni nilipita kwa nyanya yake, ambaye ndiye aliyemlea, naye alikuwa akikaanga maandazi kando ya njia huko Gatina. Nilitaka kumwambia kwamba mambo yamekwisha. Alinisikiliza huku akiyageuza maandazi yake mafutani.

"Mwalimu," akaniuliza, "siku ile ulimwita mwizi mbele ya watoto wangapi?"

"Arobaini na wawili, mama."

"Na leo umemwomba radhi mbele ya wangapi?"

Sikuwa na jibu. Hakunikemea wala hakuongeza neno. Alinifungia maandazi mawili katika kipande cha gazeti, akapokea fedha zake, akamgeukia mteja mwingine.

Mama yule hakupata kusoma chuo chochote cha dini, lakini alinifundisha kipimo ambacho sijakiona kikielezwa vizuri zaidi. Kukiri kuwe na upana wa kosa lenyewe. Aliyemwibia mtu mmoja kwa siri na amwendee mtu huyo. Aliyeongeza bei ya maji mbele ya foleni na aishushe mbele ya foleni. Aliyemvunjia mtoto jina darasani hawezi kulijenga nyuma ya ofisi. Mimi nilikuwa nimechagua mahali ambapo toba ilinigharimu kidogo, na kwa kweli nilikuwa nimemwomba mtoto yule anisaidie kuficha.

Kesho yake niliwaambia wenzangu katika chumba cha walimu nilivyokusudia kufanya. Mwenzangu mmoja, mtu mwema aliyenizidi umri, alinionya kwamba mwalimu akijishusha mbele ya watoto amekwisha kupoteza darasa. Alisema kwamba sisi walimu ni kioo cha jamii, na kioo hakipasuliwi makusudi. Nilimjibu kwamba kioo kilikuwa kimekwisha pasuka, na mtoto mmoja alikuwa akitembea juu ya vipande vyake kila asubuhi. Basi nikaingia darasani, nikawaeleza watoto habari za koti, za tundu na za majuma matatu ya kunyamaza, nikataja jina la mvulana na kumwomba radhi. Hakuinua uso. Baadaye aliomba ruhusa ya kwenda kunywa maji, akakaa huko muda mrefu, nami sikumwita.

Yule mwenzangu hakukosea kabisa. Juma lile lile nilimkemea mvulana wa dawati la nyuma kwa kunakili kazi ya mwenziwe, naye akaniuliza kama safari hii nilikuwa na hakika. Darasa zima lilicheka. Nilikwenda nikayachukua madaftari yote mawili, nikayalinganisha mstari kwa mstari mbele yao. Alikuwa amenakili kweli. Nilimwambia airudie kazi ile, akairudia, na somo la hesabu likaendelea.