Sifa kabla ya jeneza

Mbona sifa zetu zote huzimwaga matangani?

Huko Ontario, mkoa mmoja wa Kanada, tangu 1986 kuna nishani iitwayo Order of Ontario, ya kuwaenzi wakazi waliowafaa wenzao kupita kiasi. Mtu yeyote anaweza kupeleka jina la jirani yake. Lako mwenyewe halipokelewi. La mwanasiasa aliye kwenye kiti cha kuchaguliwa pia. Wala huwezi kumpendekeza marehemu.

Hilo la mwisho ndilo lililonigusa. Mtaani kwako yupo mama anayelea mayatima, au mwalimu anayefundisha jioni bila malipo. Unangoja nini? Nishani huna, lakini ulimi unao. Mwambie ahsante leo, angali anasikia.