Asiye na Karatasi Naye Ana Haki

Penye ukumbi wa michezo hapakosi hoteli ya chakula. Huku Eastlands, tangu Kaloleni hadi Makadara, nimeona wapishi wakikodi chumba kwa neno la mdomo. Kodi ikipanda ghafla, hufungasha sufuria wakaondoka, wakidhani asiye na karatasi hana haki. Sivyo. Sheria ya Kenya ya mwaka 1965, Sura ya 301, humlinda hata mpangaji huyo: mwenye nyumba sharti atoe ilani ya maandishi ya miezi 2, naye mpangaji aweza kuipinga mbele ya baraza la kodi za biashara kabla ya muda kwisha. Kizuizi ni lugha: mapatano hufanywa kwa Kiswahili, sheria imeandikwa kwa Kiingereza. Walimu, ifafanueni darasani. Wanafunzi, wasomeeni wazazi wenu.